Kutengeneza na Kupaka Rangi Kielelezo cha Ndege ya Dakota

Tangu Siku ya Wazazi ya muhula uliopita wanafunzi wengi, na wazazi wawili watatu pia, wameniuliza habari za ile ndege ndogo iliyowekwa mezani katika maabara ya Fizikia: imetengenezwaje, imechukua siku ngapi, na ina kazi gani? Mhariri naye ameniomba niandike maneno machache juu yake. Kwa kuwa mimi ni katibu wa Chama cha Vielelezo, na kwa kuwa ndege ile ililala chini ya kitanda changu bwenini kwa muda wa majuma kumi na moja, nadhani naweza kujibu. Maswali mawili ya kwanza nitayajibu kwa urefu. La tatu nitalijibu njiani, kwa maana halitengani na yale mengine.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba kielelezo si kichezeo. Kichezeo hufanana na kitu kwa mbali, ikatosha, kielelezo hupimwa. Vielelezo vingi vya ndege hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 72, yaani kila inchi 72 za ndege yenyewe huwa inchi moja juu ya meza. Hesabu hii ni nyepesi kwa mtu anayefikiri kwa futi: futi 6 ni inchi 72, kwa hiyo mtu mwenye kimo cha futi 6 huwa na kimo cha inchi moja kamili. Dakota ina upana wa futi 95 na inchi 6 toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili, na urefu wa futi 63 na inchi 9. Gawanya kwa 72, utapata upana wa sentimeta 40.4 na urefu wa sentimeta 27. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanaouliza uwiano una faida gani duniani waje tuwape rula.

Liko jambo jingine katika kipimo hiki. Ukisimama meta 10 kutoka kwenye kielelezo, unakiona kama ambavyo ungeiona ndege yenyewe ikiwa mbali nawe meta 720. Zamani za vita jambo hili lilikuwa na kazi kubwa. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi ile wachonge vielelezo 500,000 vya mbao, vya kipimo hiki hiki cha 1 kwa 72, ili askari wajifunze kutambua ndege za rafiki na za adui kwa umbo lake tu. Vilipakwa rangi nyeusi mwili mzima, maana ndege ikiwa juu na jua liko nyuma yake rangi haionekani. Basi vijana wa umri wetu walipewa kazi ya useremala ambayo upungufu wake ungeweza kumwua mtu. Niliposoma habari hiyo niliacha kuona haya kuitwa "mtoto wa vichezeo" bwenini.

Ama kwa habari ya ndege tuliyoichagua, ni ile Douglas DC-3, iliyoruka mara ya kwanza huko Santa Monica, California, tarehe 17 Desemba 1935. Mwanzo wake ilikuwa ndege ya abiria. Vita vilipokuja ilitiwa sakafu ya nguvu na mlango mpana wa mizigo. Wamarekani wakaiita C-47, Waingereza wakaiita Dakota, na jina hili la Waingereza ndilo lililoshika katika nchi zetu. Za kivita peke yake zilitengenezwa kwa maelfu, na ukizijumlisha aina zote zilipita 10,000. Vita vilipokwisha nyingi zikarudi kwenye kazi ya amani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwako tangu mwaka 1946 hata mwaka 1977, lilizitumia kwa miaka mingi. Wako wazee ambao Dakota ndiyo ndege ya kwanza kuipanda maishani mwao, na hawasahau jinsi mtu alivyopanda mlima ndani yake kwenda kitini, kwa sababu inapokuwa ardhini pua iko juu na mkia uko chini.

Kwa fundi wa vielelezo mkao huo ni neema. Ndege zenye gurudumu chini ya pua huangukia mkia zikiwekwa mezani, usipozitia risasi za ndoana ya samaki ndani ya pua. Dakota hukaa yenyewe, kama mbwa aliyeketi mlangoni.

Sanduku letu lililetwa na mjomba wa mwanachama mmoja aliyekuwa safarini Uingereza. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu zaidi ya mia, vimeshikana na vijiti vya plastiki hiyo hiyo kama ndizi katika mkungu, kila kimoja na namba yake. Ziada haikuwamo. Kipande kikipotea au kikivunjika, hapa kwetu hakuna duka la kununua kingine, na bei ya sanduku zima hupita bei ya jozi ya viatu vya shule. Mzazi mmoja alituandikia kwamba fedha hizo zingenunua madaftari. Hakukosea hesabu, na ndiyo sababu tuliazimia kwamba kazi hii ama ifanyike vizuri ama isifanyike kabisa. Hakuna aliyeruhusiwa kufagia chumba kabla ya vipande kuhesabiwa. Kitanda changu kilifanywa ghala kwa sababu kiko pembeni na hakipitiwi na watu.

Vipande huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki isigande humo, na rangi haishiki penye mafuta. Kisha kila kipande hukatwa kutoka kwenye kijiti chake. Wageni wa kazi hii hukivunja kwa vidole, wakapata jeraha jeupe ukingoni. Sharti kikatwe kwa koleo ndogo, mbali kidogo na kipande chenyewe, halafu kibaki kinachosalia kipunguzwe kwa kisu chenye ncha na kumalizwa kwa msasa. Baada ya hapo kipande hujaribiwa mahali pake bila gundi, mara mbili au tatu. Katika chama chetu mtu anayechukua gundi kabla ya kujaribu husimama nje dakika kumi.

Gundi yenyewe si ya kunata kama ile ya bahasha. Huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikaingiana, na inapokauka vipande viwili vimekuwa kimoja, kama chuma kilichoungwa na fundi wa moto. Ndiyo maana haina msamaha. Tone likianguka juu ya bawa huacha kidonda, na kidole kilicholowa gundi huacha alama yake mpaka msasa uiondoe. Moshi wake pia si mzuri kwa kichwa wala kifua. Kwa hiyo madirisha huwa wazi, hakuna moto wala kiberiti chumbani, na Mwalimu wetu wa Fizikia huwapo. Wazazi wasiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Watu wengi hudhani kwamba ndege hujengwa kutoka nje kwenda ndani. Ni kinyume chake. Kiwiliwili huja katika nusu mbili, ya kuume na ya kushoto, na kabla hazijafungwa lazima kila kitu cha ndani kiwe kimekwisha pakwa rangi. Kwa Dakota kazi hii ina maana kubwa kuliko kwa ndege nyingine, kwa sababu ya mlango. Askari wa miavuli waliruka kutoka mlango wa nyuma upande wa kushoto, na mlango wenyewe uliondolewa kabla ya safari. Tuliuacha wazi vivyo hivyo. Mtu akiinama akachungulia humo huona sakafu, na viti vimepangwa safu mbili, moja kila upande wa ukuta, askari wakitazamana. Kuta tulizipaka rangi ya kijani inayoelekea manjano, ile inayolinda alumini isiliwe. Sehemu hii ilituchukua majuma matatu, na wengi waliokuja Siku ya Wazazi hawakuinama. Hata hivyo, ningeifanya vile vile tena.

Nusu mbili zikiisha kuunganishwa hufungwa kwa mipira na vibanio vya nguo, zikaachwa usiku kucha. Hapo ndipo mshono huonekana mgongoni kama kovu la upasuaji. Ndege yenyewe haina kovu hilo. Hujazwa puti, ile wanayotumia mafundi rangi wa magari ila laini zaidi, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji mpaka kidole kikipita kisijue pa kusimama. Macho hudanganya katika kazi hii, kidole hakidanganyi. Mwanachama wetu mmoja mwenye miwani mizito ndiye aliyekuwa hakimu wa mishono yote, naye alikuwa akifumba macho ili aamue vizuri.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya unene, maana ndipo hesabu hugeuka kuwa jambo la kushangaza. Ngozi ya Dakota ni mabati ya alumini yaliyoshikwa kwa ribiti nyingi sana. Kichwa cha ribiti cha milimeta 6 kikigawanywa kwa 72 kinakuwa milimeta 0.08, yaani kama unene wa unywele. Mfereji wa robo ya milimeta uliochorwa juu ya plastiki kuonyesha mahali bati moja linapokutana na jingine, ukiuzidisha kwa 72 unakuwa milimeta 18: ufa ambao mtu angepitisha kidole, na mvua ingenyesha ndani. Na rangi vivyo hivyo. Ukipaka rangi nzito hata ikafika unene wa sehemu moja ya kumi ya milimeta, kwa ndege yenyewe ingekuwa zaidi ya milimeta 7. Bati lake lenyewe halifiki hapo. Kwa sababu hii fundi hapaki kama mtu apakaye ukuta. Hupunguza rangi mpaka iwe kama maziwa, akapaka mkono wa kwanza ambao karibu hauonekani, akangoja, akapaka wa pili, akangoja, wa tatu, na wa nne. Wenye mashine ya kupulizia hupata kazi laini kwa haraka. Sisi tuna brashi mbili nzuri na subira.

Mji wetu nao una mambo yake. Katika mvua za masika hewa imejaa maji, na rangi iliyoandikwa kwamba hukauka kwa saa moja huchukua jioni nzima. Kiangazi, saa nane mchana, hukauka juu ya brashi kabla haijafika kwenye bawa, ikaacha mikwaruzo kama ya ufagio uwanjani. Tulijaribu nyakati zote, na tukaona kwamba saa iliyo bora ni alfajiri, baada ya kuamka na kabla ya kengele ya usafi, wakati vumbi bado limelala. Kila baada ya kupaka tulifunika kazi kwa sanduku la karatasi.

Vioo vya marubani vina sheria yao peke yake. Gundi ya kuyeyusha ikikaribia plastiki inayopenya mwanga huitia ukungu usiotoka, kwa hiyo tulivishika kwa gundi nyeupe ya maremala, ambayo ikikauka huwa kama kioo yenyewe. Kisha kila kidirisha kilifunikwa kwa kipande cha tepu ya karatasi kilichokatwa kwa wembe, ili rangi ishike fremu tu. Kazi hii haina utamu wowote na sitaieleza zaidi.

Sasa nafika kwenye mistari, jambo ambalo chama kizima kililigombania.

Ndege tuliyoichagua miongoni mwa maelfu yale ina jina lake: That's All, Brother. Maana yake ni kama kusema, "Basi, ndugu, yamekwisha," nayo ilikuwa salamu kwa Hitler. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, ikirushwa na rubani John Donalson, iliongoza kundi kubwa la ndege zilizochukua askari wa miavuli wa Marekani kutoka Uingereza hadi Normandy, Ufaransa. Zilikuwa zaidi ya ndege 800, na askari wapatao 13,000. Ukigawanya ni askari 16 hivi kila ndege. Baada ya vita iliuzwa, ikapita mikono mingi, ikapakwa rangi nyingine juu ya rangi, na watu wakaisahau. Mwaka 2015 ilikuwa imekaa Oshkosh, Wisconsin, ikingoja kubadilishwa na kutiwa injini za namna nyingine, ilipojulikana kuwa ndiyo yenyewe. Ikanunuliwa, ikatengenezwa, ikaruka tena mwanzoni mwa mwaka 2018, na mwaka 2019 ikavuka bahari kurudi Normandy. Namba iliyo mkiani mwake ni 292847. Namba kamili ni 42-92847, ambayo 42 ni mwaka wa fedha ilipoagizwa, yaani 1942. Kwenye mkia tarakimu ya 4 huachwa. Watu watatu walitwambia tumesahau tarakimu. Hatukusahau.

Juu yake rangi ni kijani cha kijeshi kinachoelekea udongo, na chini ni kijivu. Lakini kuzunguka kila bawa na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili kuna mistari mitano, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Kwa ndege za injini mbili kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 24. Gawanya kwa 72: theluthi moja ya inchi, au milimeta 8.5.

Mistari hiyo haikuwa pambo. Mwezi wa Julai 1943, wakati wa kuingia kisiwa cha Sicily, ndege za namna hii za Wamarekani zilipita usiku juu ya merikebu na majeshi ya upande wao wenyewe. Mzinga mmoja ukaanza kulia, mingine ikafuata. Ndege 23 ziliangushwa na rafiki zao, na watu waliomo. Kwa hiyo ilipokaribia siku ya Normandy iliamriwa kwamba ndege zipakwe alama ambayo hata mtu aliyetishika hawezi kukosa kuiona. Na ili adui asiijue akaiiga, amri ilifichwa mpaka siku chache kabla ya safari. Basi mafundi wakazipaka kwa haraka, kwa mkono, kwa brashi na chochote kilichopatikana. Ukitazama picha za siku zile utaona kwamba katika ndege nyingi kingo za mistari zimepinda, nyeupe imepita mahali pake, na mahali pengine kijani kinaonekana chini yake.

Swali likawa: je, sisi tuipake minyofu au iliyopinda? Nusu ya chama ilitaka tepu. Walisema kwamba mgeni hatajua habari za Sicily. Ataona mstari uliopinda, atasema vijana hawa hawajui kazi, na mzazi yule wa madaftari atakuwa ameshinda. Nusu nyingine, nami nilikuwamo, ilisema kwamba mstari ulionyoka kwa rula ungekuwa uongo, tena uongo juu ya jambo lenye damu ndani yake. Mwalimu alikataa kutuamulia. Mwisho tulipatana hivi: upana wa kila mstari upimwe sawasawa na kuwekwa alama kwa penseli, kwa kuwa upana uliamriwa, lakini ukingo upakwe kwa mkono bila tepu, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyopakwa. Mafundi wale hawakuwa wazembe. Walikuwa hodari wenye haraka, na mkono wa hodari mwenye haraka hupinda kwa namna yake, si kama wa mlevi. Tulijizoeza juu ya chupa tupu za maji siku nne kabla ya kugusa ndege. Nyeupe ilitangulia mahali pote, kisha nyeusi juu yake, maana nyeusi hufunika nyeupe kwa mkono mmoja, na nyeupe juu ya nyeusi huhitaji mikono mingi hata unene ukaharibu yote niliyoyasema hapo nyuma.

Na kweli, Siku ya Wazazi bwana mmoja alisema mistari imepinda. Tulimweleza. Akaitazama tena kwa muda mrefu kidogo kuliko mara ya kwanza, na hilo lilitutosha.

Mambo yaliyosalia niyapitie upesi. Nyota na namba hazikuandikwa kwa brashi. Huja katika karatasi nyembamba inayolowekwa majini, picha ikateleza mahali pake. Lazima rangi iliyo chini yake iwe imepakwa vanishi inayong'aa, kwa sababu juu ya rangi kavu isiyong'aa hewa hubaki chini ya picha ikametameta kama fedha. Picha zikikauka, vanishi isiyong'aa hufunika yote. Rafadha ni nyeusi, na ncha zake ni za manjano kiasi cha inchi 4, yaani milimeta 1.4, ili mtu anayepita kiwanjani aone duara na asikatwe. Injini zina silinda 14 kila moja, saba mbele na saba nyuma. Tulizipaka rangi ya chuma, kisha maji ya rangi nyeusi yakaachwa yajipenyeze kati ya silinda. Uchafu ulitiwa mwisho: moshi nyuma ya bomba la kila injini, vumbi kwenye magurudumu, alama za viatu karibu na mlango. Wengi huzidisha uchafu mpaka ndege ikafanana na lori la mkaa. Ndege ile ilikuwa na umri wa miezi tu siku ile, na wenye kuitunza walikuwa wakiitunza.

Nilisema swali la tatu litajibiwa njiani. Siku hiyo hiyo ya Wazazi alikuja mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ndiyo Dakota?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona imevaa kanga?"

Nikamweleza habari za mistari, na Sicily, na Normandy. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ya baba yangu haikwenda huko. Ya baba yangu ilileta mchele na nyama ya mikebe Burma. Alikuwa Keya. Alitusimulia kwamba magunia mengine yalitupwa bila mwavuli, mtu akisimama vibaya gunia la mchele lingeweza kumwua." Akainama, ndiye mgeni wa kwanza kuinama siku ile, akachungulia mlangoni. "Basi ni hapa walipokuwa wakiyasukumia," akasema.

Niliposoma baadaye nikaona habari yake ni sawa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na ndani yake askari wa Keya wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipita Bonde la Kabaw katika mvua kubwa za Burma. Njia ziligeuka tope, magari yakakwama, na jeshi likalishwa kutoka angani. Nikaona jambo jingine pia. Ndege za Waingereza upande ule wa dunia ziliondolewa rangi nyekundu katika alama zao za duara, zikabaki buluu na nyeupe au buluu mbili, kwa sababu alama ya Wajapani ni duara jekundu, na askari wa chini akiona wekundu angeweza kupiga. Ni habari ile ile ya Sicily kwa rangi nyingine.

Basi muhula huu tunajenga ya pili. Nusu za kiwiliwili zimekwisha kuunganishwa, na mwenye miwani amezikubali. Viti havimo, badala yake tunashona magunia ya mchele kwa kitambaa cha leso, kila moja la milimeta 12, na mlango utakuwa wazi kama wa kwanza. Duara hazimo sandukuni, kwa hiyo tutazichora wenyewe kwa bikari, na kijana wa Kidato cha Tatu amekwisha haribu karatasi sita akijizoeza. Kanuni ya chama ni kwamba hatupaki rangi ya ndege tusiyoiona katika picha. Kwa hiyo nawaomba wazazi na wanafunzi: ambaye nyumbani kwake kuna picha ya babu au baba wa babu aliyekuwa Burma, na nyuma yake inaonekana ndege au hata kipande cha bawa, atuletee tuitazame. Haitatoka mikononi mwa Mwalimu, na itarudishwa siku hiyo hiyo.

Tunakutana kila Alhamisi baada ya michezo, katika chumba kidogo nyuma ya maabara. Anayetaka kujiunga aje na rula, na kucha zake ziwe zimekatwa.